Fungu la Nyama la Dalmasio

Kila asubuhi, kabla hajagusa kahawa, Dalmasio alisugua viatu vyake kwa mswaki. Alikaa kizingitini, mkono wa kushoto ameuingiza ndani ya kiatu, wa kulia unasugua soli, kijishimo kimoja baada ya kingine, mpaka tope la jana likaisha lote. Hatua tatu mbele yake shangazi yangu Dolina, ambaye ndiye mkewe, alikuwa amechutama kwenye beseni akiosha karoti za kupeleka sokoni, gunia zima, kwa mikono mitupu. Maji yakibaki kidogo kwenye ndoo, yalikwenda kwa viatu. Karoti zilisubiri mtu apande tena mtoni.

Viatu vile alivipata kwa nguruwe. Tulikuwa na dume moja kubwa, linanenepeshwa kwa ajili ya jambo lolote la ukoo litakalotokea. Jumanne likashushwa barabarani likipiga kelele, Alhamisi viatu vikapanda kimyakimya ndani ya boksi. Vilikuwa na rangi ya ndimu bichi. Shangazi aliviangalia, akauliza kama vinaliwa.

Dalmasio alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alilima karoti na kabichi kwenye matuta aliyoachiwa na baba yake, na hakuyalima vizuri. Alikuwa mtu wa kuanza. Ukuta wa jiwe wa tuta la tatu aliuanza, bomba la maji alilianzia kwa majirani akalifikisha nusu ya njia, likabaki limelala pale likinywesha magugu. Kijijini kwetu Salakob walimwita Tua.

Jina hilo lilitoka kwa baba yake. Miaka tisa kabla ya viatu, mzee yule alishikwa na tumbo, na wakati huo gari lilikuwa halifiki kwetu. Wanaume walimlaza kwenye blanketi, wakalifunga kwenye mti mrefu, wakamvusha mlima kama tunavyowavusha wagonjwa wote. Dalmasio alikuwa ameshika mbele. Kwenye mgongo wa pili wa mlima alisema bega limekufa, akautua mti chini, baba yake yumo ndani. Hakungoja mtu aje ampokee. Alitua tu. Wanasema mzee alifungua macho akamtazama mwanawe kutoka chini, kisha akayafunga. Mzee Akop, ambaye wakati huo alikuwa amepita miaka sitini na ndiye aliyekuwa mzee kuliko wote kwenye msafara, aliinama akaliweka bega lake mahali pale. Walifika. Baba yake Dalmasio alipona, akaishi miaka minne zaidi, na hakulitaja jambo lile hata siku moja.

Wengine walilitaja kwa niaba yake. Mtu akichoka na mzigo anaambiwa, "Tua kidogo, utakuwa Dalmasio." Angecheka nao mara moja tu, jina lingekufa kabla ya mavuno. Lakini yeye alinuna, na jina likanenepa kuliko nguruwe.

Kisha watu wa mjini wakaigundua milima yetu. Walikuja na simu zao wakasema njia tunazobebea kabichi ni nzuri mno, inafaa watu wazikimbie. Kilomita sitini kuuzunguka Mlima Pungayan, na lazima umalize ndani ya saa kumi na tano. Wao wenyewe walilipa ili waruhusiwe kuteseka. Wanatembelea fimbo mbili kama vikongwe, wananyonya uji mtamu kwenye vipakiti kama watoto wachanga, halafu wanataka wapigiwe makofi. Watu wa kijiji waliruhusiwa kuingia bure. Aliyejiandikisha wa kwanza alikuwa Dalmasio.

Usiku huo alimwambia shangazi, nami nikiwa nimelala upande wa pili wa ukuta wa mbao, "Nikimaliza hizi sitini, hakuna mtu ataniita lile jina tena. Utaona."

"Na usipomaliza?" shangazi akauliza.

Dalmasio alizima taa.

Basi akaanza kujizoeza. Wanawake wanapanda na vikapu vya kabichi vimening'inia kwa kamba ya kwenye paji la uso, yeye anatokea nyuma akihema, anawaambia wampishe. Jovita, mjane wa miaka thelathini na tano anayebeba mizigo ya watu kwa kulipwa, alisogea hadi ukingoni kabisa. "Pita, Tua," alimwambia. "Wewe una haraka. Sisi tuna kabichi tu." Wiki ile ile Jovita naye akajiandikisha, na ndugu wawili wa ukoo wa Bilag wakamfuata, nadhani kwa kutaka kuona kituko kwa karibu.

Siku tatu kabla ya mbio, Mzee Akop alifariki.

Ua wake uko upande wa pili wa mlima, na njia ya mbio inapita katikati ya ua huo, kati ya jiko na nyumba. Hapana pengine pa kupita: juu ni jabali, chini ni matuta. Kwa mkato kutoka Salakob ni mwendo wa saa moja, lakini kwa kuzunguka na wakimbiaji ni kilomita ya arobaini na mbili. Watu wa kamati walikuja wakavua kofia, wakauliza kama waahirishe. Wazee wakasema mbio zipite, wageni wasamehewe kama mbuzi wanavyosamehewa, ila wanaomfahamu marehemu wanajua la kufanya.

Nasi tunajua. Ua wenye maiti haupitwi. Unaingia, unakaa, unapewa wali na nyama, unamwambia marehemu neno moja au mawili, unapewa fungu lako la kupeleka nyumbani, ndipo unaondoka. Hata kama una haraka. Hasa kama una haraka. Jioni ya kuamkia mbio wale wanne walikutana kwa Jovita wakakubaliana kwamba wakifika pale watakaa, hata kama muda utawatupa. Dalmasio alikubali kwa mdomo wake. Lakini siku zote tatu za msiba hakuwa amekanyaga kule. Alisema anapumzisha miguu. Mimi nafikiri aliona haya kwenda mikono mitupu, kwa kuwa nguruwe wa kupeleka alikuwa ananing'inia msumarini, ana rangi ya ndimu.

Walianza saa tisa alfajiri. Jovita alinisimulia kwamba kwenye mstari, kabla tu ya filimbi, kijana mmoja wa mjini alipiga chafya. Jovita na wale ndugu wawili wakakaa chini hapo hapo, maana safari haianzwi kwa chafya, unaiacha kwanza ipite. Wageni waliwaruka wakidhani wanafunga kamba za viatu. Dalmasio aliruka nao.

Mimi nilikuwa uani kwa marehemu tangu asubuhi, namenya magimbi pamoja na wanawake. Wageni walipita mmoja mmoja. Baadhi waliinamisha vichwa, mmoja akapiga picha ya sufuria. Saa saba kasoro hivi viatu vya ndimu vikatokea kwenye kona ya jabali.

Bibi Langay, mke wa marehemu, alikuwa amekaa karibu na jeneza, chini ya upenu. Alimwona kabla yetu. Alichukua sahani, akaweka wali, akaweka kipande cha nyama ya paja, akaishika kwa mikono miwili. Kwenye benchi wanaume walisogea kumpa nafasi.

Dalmasio aliingia uani akitazama saa ya mkononi. Alipita kati ya moto na benchi, akajikwaa kwenye gogo la kuni, akalishika benchi kwa mkono asianguke. Mkono uligusa mahali pale pale alipowekewa nafasi. Nilidhani sasa atakaa.

"Dalmasio, mwanangu," Bibi Langay akasema. "Kaa kidogo."

"Narudi, mama," akasema. Hakumtazama, wala hakulitazama jeneza. "Nitarudi jioni."

Akatoka kwa upande wa pili. Tulisikia viatu vikishuka kwenye mawe. Mwanaume aliyekuwa akikoroga sufuria alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma saa, "Ametua tena." Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo nililoliona baya zaidi, kwamba hata kuchekwa hakustahili.

Dakika ishirini baadaye walifika Jovita na wale ndugu, jasho limewaganda chumvi usoni. Walikaa. Walikula taratibu, kama watu ambao hawana pa kwenda. Jovita alikwenda kwenye jeneza akamwambia Mzee Akop kwamba leo amekuja bila mzigo, asimshangae. Ndugu mkubwa wa Bilag alirudia sahani mara mbili. Walikaa nusu saa nzima, wakati kituo cha darajani, kilomita sita mbele, kilikuwa kinafungwa saa tisa.

Walipoinuka, Bibi Langay aliwagawia mafungu yao, vipande vya nyama vilivyotungwa kwenye utepe wa mwanzi. Kisha akatunga fungu la nne. Alichagua vipande kwa makini, si vya mifupa.

"Hili la Dalmasio," alimwambia Jovita. "Mpelekee. Atakuwa na njaa."

Nilimtazama usoni nijue kama ni huruma au ni kisu. Sikuona kitu. Alikuwa mwanamke mzee anayegawa nyama.

Nilikata mlima kwa njia ya mkato nikafika uwanja wa shule, mwisho wa mbio, mapema. Habari za darajani zikanikuta pale. Ndugu mkubwa wa Bilag alikuta daraja limefungwa. Alicheka, akarudi msibani kula mara ya tatu. Mdogo wake alipita kwa dakika chache. Jovita alipita akitembea, nyama zinabembea kwenye mkono.

Alitokea wa kwanza kati ya watu wetu, robo tatu ya saa kabla ya mwisho. Walimvika medali, kipande cha mbao kilichochorwa mlima. Aliwashukuru, akaenda kuvaa ndala, kisha akarudi kusimama mstarini. Alituambia kwamba kwenye mteremko wa mwisho amempita Dalmasio amekaa juu ya jiwe anatapika uji wa vipakiti. Akamuuliza kama anataka fungu lake pale pale, apate nguvu. Dalmasio akamwambia amwache. "Nikamwambia basi, nitakungoja chini."

Dalmasio alishuka zikiwa zimebaki dakika kumi na moja. Magoti yalikuwa yamekunjika kama ya mtu anayekaa chooni. Watu wa mjini walimpigia makofi na kelele, kwao kila anayefika ni shujaa. Watu wa Salakob walisimama kando ya uwanja, mikono nyuma. Alipovuka mstari aliinua mikono yote miwili juu, akatugeukia sisi, si kamati. Alikuwa analia. Nakiri kwamba kilomita sitini ni kilomita sitini, na hakuzitua njiani.

Jovita alimwendea kabla medali haijakaa sawa shingoni.

"Fungu lako," akasema. "Bibi Langay anakusalimu."

Ilimbidi ashushe mikono ili apokee. Uwanja mzima ulitazama mikono ile ikishuka. Mpiga picha wa mjini alifurahi sana, akamwomba asogeze nyama karibu na medali, jua limpige vizuri. Akasogeza.

Nyumbani aliitundika juu ya moto. Fungu ni la yule aliyetajwa, mwingine haligusi, kwa hiyo lilibaki pale likipigwa moshi, likisinyaa, likiwa jeusi. Kuhusu jina, alipata alichokitaka. Kuanzia siku ile hakuna mtu aliyemwita Tua. Hata watoto. Walisema "ndiyo, bwana" na "hapana, bwana". Ilipofika zamu ya kulima matuta yake, walikuja wote kama desturi, wakalima, wakala alichopika shangazi, wakaaga. Hakuna aliyemtania. Nilimwona mara moja amejiegemeza kwenye gunia la mbolea, akasema kwa sauti ili wasikie kwamba bega lake limechoka. Alikuwa anawapa njia ya kumtania. Walimwambia pole, bwana, wakaendelea na majembe.

Viatu aliendelea kuvisugua kila asubuhi, ingawa havikukanyaga tope tena. Alisugua usafi.

Asubuhi moja shangazi aliacha karoti akamwambia, "Nenda kwa Bibi Langay."

"Nikaseme nini?"

"Sijasema ukaseme. Nimesema ukakae."

Ilimchukua siku sita zaidi. Siku ya ishirini na tatu tangu mbio, aliamka, akanywa kahawa kwanza. Mswaki hakuugusa. Alivaa ndala za kuendea shambani, akalishusha fungu la nyama kutoka juu ya moto, akalifunga kwenye gazeti, akatoka. Viatu vilibaki msumarini. Shangazi alimtazama mpaka alipopotea kwenye kona, kisha akachukua ule mswaki akasugulia karoti. Unafaa sana kwa karoti.

Yaliyobaki tulielezwa na Bibi Langay. Alikuwa anapukuchua maharage upenuni. Benchi lilikuwa limesharudishwa kwa wenyewe, kwa hiyo Dalmasio alikaa juu ya lile gogo la kuni. Alifungua gazeti akaanza kula. Nyama ilikuwa ngumu kama mkanda. Alitafuna kipande kimoja kimoja, muda mrefu, peke yake, nyama ya msiba ambao watu walikuwa wameshausahau. Bibi hakumpa maji, wala hakumfukuza. Maharage yalikuwa mengi.

Alipomaliza, bibi akamuuliza, "Umeshiba?"

"Nimeshiba, mama."

"Haya."

Akakunja gazeti, akajifuta mikono kwenye suruali, akainuka. Bibi alidhani atashuka alikotoka. Lakini alishika njia ya juu, ile iendayo barabarani, waliyompitishia baba yake. Bibi anasema hakukimbia. Alipanda polepole, mkono mmoja begani, akapita mgongo wa kwanza wa mlima akielekea ule wa pili, alipomtua baba yake, na kwetu hakurudi tena.