Jogoo Aliyelelewa Mkononi

Pulchérie alikuwa fundi wa cherehani katika mji wa Baraka, kando ya ziwa, na mtaa mzima ulimwita Mama Chérie, kwa jina la binti yake wa pekee. Mume wake, Henri, alichimba dhahabu upande wa Lulimba, akirudi nyumbani mara mbili tatu kwa mwaka. Nyumba ilikuwa ya mama na binti, na kuku wachache waliokuwa wakiparua uani. Pulchérie alikuwa ameizoea hali hiyo, na kusema kweli aliipenda.

Mwaka ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba za kijiji cha Swima, ukuta wa mama mkwe wake, Koko Immaculée, ulilowa ukaanguka. Henri akapiga simu kusema mama yake atahamia Baraka. Pulchérie akajibu karibu, na alijibu kwa moyo. Siku Koko alipofika na mizigo yake miwili, alimchinjia jogoo mzee, yuleyule aliyetawala uani kwa miaka minne. Wiki ya kwanza walicheka sana. Wiki ya pili Koko akaanza kuonja sombe, mboga ya majani ya muhogo, kabla haijaiva.

"Mama Chérie, kwetu tunatwangaka sombe mpaka inakuwa laini. Hii yako inaparua koo."

"Ndiyo, mama."

Koko hakuwa mtu mbaya. Maisha yake yote alikuwa mwenye jiko, na mikono yake haikujua kukaa bure. Kiti chake kilikuwa kando ya mbabula, jiko la makaa, kuanzia asubuhi. Aligeuza makaa, akamfundisha Chérie kufagia upya alipokwisha kufagia, akauliza kila nguo iliyoshonwa ni ya nani na kwa nini mshono umepinda. Pulchérie aliitikia "ndiyo, mama" na kukanyaga pedali ya cherehani kwa nguvu kuliko nguo ilivyotaka.

Siku hizo mtetea mmoja aliangua, na mwewe akamchukua yeye na vifaranga vyake kwa zamu, mpaka kikabaki kifaranga kimoja. Pulchérie alikitia katika katoni ya sabuni, juu ya vipande vya kitenge, chini ya meza yake ya kazi. Alikilisha unga kwa kidole. Kikalala katika mapaja yake akishona. Chérie akakiita Fiston, na kilipoota manyoya wakaanzisha mchezo: Pulchérie anakisukuma kwa ncha ya kiatu, nacho kinaruka na kukipiga kiatu kwa miguu miwili. Wote wawili hucheka. Hata Koko alicheka mwanzoni.

Fiston akakua, akawa pora, jogoo kijana mwenye miguu mirefu. Karibu miezi mitano undu wake wa kichwani ukaiva mwekundu, akajaribu kuwika, sauti ikatoka kama ya mtu aliyepaliwa. Akaanza kuwakimbiza mitetea bila adabu, akiwang'ang'ania shingoni mpaka wanapiga kelele. Kisha siku moja akamwendea Pulchérie kwa ubavu, bawa moja limeshushwa mpaka linafuta vumbi, akizunguka kwa hatua ndogondogo kama anayecheza ngoma. Pulchérie alidhani ni mapenzi. Akamsukuma kwa kiatu kama kawaida, Fiston akaruka, na siku ikapita.

Jioni ileile alimpiga Koko kwenye muundi wa mguu.

"Mama Chérie! Kuku yako imenirukia!"

"Mama, na wewe unatembeaka na ile fimbo. Anawaza unataka kumupiga. Mimi hanifanye kitu."

Kesho yake Fiston akamrukia tena. Koko aliporudi nyuma huku akipunga kanga yake, jogoo alimfuata mpaka mlangoni, kisha akasimama kizingitini na kuwika. Koko akahamisha kiti kutoka kwenye mbabula mpaka ukutani. Baada ya siku chache akakihamisha tena mpaka mlangoni. Mwishowe alikaa ndani, akitoka tu akisikia kuku wako mbali.

Hapo ndipo jambo lilipomwingia Pulchérie, jambo ambalo baadaye hakuweza kulitaja bila kufunika uso. Aligundua kwamba uani kumetulia. Sombe ilikuwa yake. Mishono ilipinda bila mtu wa kuiona. Alasiri moja alijikuta akiimba. Alimwona Fiston akilinda mlango kwa kifua mbele, akamtupia mahindi kidogo.

Chérie ndiye aliyemhurumia bibi yake. Siku ya Jumamosi alimfunga Fiston mguu kwa kamba, akaifunga kamba kwenye mti wa mpera, akaenda kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Pulchérie alitoka na karai la nguo, akamwona jogoo akivutana na kamba. Akasema kwa sauti, ingawa hakukuwa na mtu wa kumsikia, kwamba kamba itamkata mguu. Akaifungua. Mguu haukuwa na alama yoyote. Akaacha karai palepale, akaingia ndani.

Haikupita hata saa moja. Koko, kama aliyeamini kwamba jogoo amefungwa, alitoka kwenda chooni bila fimbo yake. Fiston alimjia kwa nyuma. Pulchérie alisikia mlio, kisha kishindo cha karai. Alipofika alimkuta mama mkwe wake chini kati ya nguo mbichi, mkono wa kulia umekunjika pasipokunjika mkono.

Hospitalini walimfunga plasta ngumu kutoka kwenye vidole hadi kwenye kiwiko. Koko hakulalamika. Jioni Henri akapiga simu kutoka Lulimba, na Pulchérie akamweleza kwamba mama ameteleza.

"Mungu akubariki, Mama Chérie," Henri akasema. "Bila wewe, mama yangu angekuwa na nani?"

Pulchérie aliweka simu mezani, akaiangalia. Neno "ameteleza" lilikuwa limetoka lenyewe, kama limengoja mlangoni.

Jumatatu alimfunga Fiston miguu, akampeleka sokoni kwa Nyiransengimana, mama wa milimani aliyeuza kuku miaka mingi hapo Baraka. Nyiransengimana alimshika, akamgeuza, akamfungua, akamweka chini. Jogoo hakukimbia. Alimtazama mkononi.

"Huyu mulimulea na mikono, si ndiyo?"

"Umejua namna gani?"

"Kuku yangu yote inaogopa mukono. Huyu anaupima." Akachuchumaa. "Jogoo mukubwa uko naye kwako?"

"Tulimuchinja."

"Basi nani angemufundisha? Pora mwenye kukomalia katikati ya benzake, jogoo mukubwa anamupigaka, mamakuku banamudonoa, anajua nafasi yake. Huyu wako anajua wewe ni kuku mwenzake. Mulikuwa munacheza naye na muguu?"

Pulchérie alikubali kwa kichwa.

"Kwako ni muchezo. Kwake ni vita. Akishusha bawa na kukuzunguka, anauliza, 'Hapa nani mukubwa?' Ungemukamata siku ile, umubebe kwapani mpaka atulie, umurudishe chini pole pole, siku zote mpaka asahau. Lakini mutu mwenye kurudi nyuma, jogoo anajua amemushinda. Kesho atamungojea palepale. Nani anarudiaka nyuma kwenu?"

"Mama mukwe wangu."

Nyiransengimana alimfunga jogoo miguu tena, akamrudishia. "Siwezi kumuuza kwa mutu mwenye batoto," akasema. "Umupeleke kwenye sufuria. Lakini usimuite shetani. Hana kosa."

Kwa kawaida Pulchérie humwita jirani kuchinja. Siku ile alichinja mwenyewe, nyuma ya nyumba, na Fiston hakupigana. Alikuwa amezoea mikono ile. Pulchérie akapika bukari, yaani ugali, akamkatia Koko nyama vipande vidogo na kumlisha, kwa kuwa mkono wa kushoto ulikuwa haujazoea. Koko akala vipande vitatu.

"Mama," Pulchérie akasema, "ile siku, kamba..."

"Nilikuona."

Mkono wa Pulchérie ulibaki hewani na kipande cha nyama.

"Nilikuwa kwenye dirisha. Niliona unaifungua. Kisha niliona umeacha karai, unaingia ndani, na jogoo haonekani, nikasema labda umemufunga pahali pengine. Nikatoka."

"Mama, nisamehe. Sikutaka uanguke."

"Najua hukutaka nianguke. Ulitaka nikae ndani." Koko alisema hivyo bila ukali, na hilo ndilo lililomvunja Pulchérie, akalia akiinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Koko alimwacha alie. Kisha akasema, "Nyumba yangu imeanguka, sina pengine pa kuweka mikono. Kama ninakusumbua, uniambie na kinywa chako. Usinitumie kuku."

Siku ya pili Pulchérie alimpigia Henri, akamweleza yote, kamba na uongo. "Nimesikia," Henri akasema, na hakupiga tena kwa wiki mbili. Aliporudi Noeli, alisalimia, akakaa na mama yake uani alasiri nzima. Hakumgombeza mke wake. Pulchérie angependa agombeze.

Plasta ilipotolewa mkono ulibaki na kombo. Koko anashika kijiko, lakini mchi haushiki tena, na hawezi kufikisha mkono mgongoni. Kila asubuhi Pulchérie huchemsha maji, humpeleka bafuni nyuma ya nyumba, na kumsugua mgongo taratibu. Koko humwambia sugua juu kidogo, sasa kushoto, sasa polepole, mbona leo maji ni ya moto hivi. Naye humjibu, "Pole, mama, naongeza ya baridi," na huongeza.