Mama Mkia na shule iliyokuwa kimya saa ya mapumziko

Saa nne na nusu asubuhi. Mwanamke mwenye sweta ya kijivu ameweka simu sikioni, amefumba macho, na hasemi neno. Upande wa pili, mkuu wa shule fulani anaanza kuingiwa na wasiwasi.

"Halo? Mama, bado upo?"

"Nipo, mwalimu. Usikate. Hebu sogea dirishani kidogo."

Mwalimu anasogea, na hapo mvumo unaingia: watoto mamia kwa mamia, mpira unagonga ukuta, mmoja analia kwamba amesukumwa, mwingine anaapa hakumgusa. Mwanamke anatabasamu, bado macho kayafumba. Anasikiliza kwa muda mrefu kuliko kazi inavyodai.

"Inatosha," anasema hatimaye. "Shule ipo."

Kazi yake ni kuamua nani anastahili anwani ya mtandaoni yenye mkia wa elimu, yaani zile herufi chache za mwishoni zinazomhakikishia mzazi kwamba tovuti anayoisoma ni ya shule kweli, si ya mjanja aliyekodi kompyuta kwa saa moja. Ofisini wanamwita Mama Mkia. Jina hilo hakulichagua, ila alishachoka kulikataa.

Masharti yenyewe si mengi. Shule iwe imesajiliwa wizarani. Ombi litoke kwa mkuu wa shule mwenyewe, si kwa fundi wa tovuti wala kwa shemeji wa mkuu. Jina liwe lilelile la kwenye cheti. Shule ya msingi isijiite chuo kikuu kwa sababu tu imepakwa rangi mpya. Na sharti la mwisho, ambalo humuumiza kichwa kuliko yote: shule iwe inafundisha.

"Sasa utajuaje kama inafundisha, na wewe umekaa kwenye kiti?" anauliza. "Mihuri siku hizi inagongwa hata kwenye meza ya baa."

Hilo alijifunza kwa machungu. Miaka yake ya mwanzo aliwahi kuipitisha shule ya bweni ambayo karatasi zake zilikuwa safi kama shuka za hotelini. Wazazi waliiona mtandaoni, wakatuma ada. Siku ya kufungua walifika na watoto, magodoro na masanduku, wakakuta kiwanja kitupu na mbuzi amefungwa kwenye kigingi.

"Mbuzi mwenyewe alikuwa na nidhamu," anasema, "lakini huwezi kumwita mwanafunzi."

Tangu hapo akajitungia utaratibu wake, usioandikwa popote: anapiga simu saa ya mapumziko na kusikiliza. Matapeli wengi amewanasa hivyo. Mmoja alimwekea kelele za watoto kutoka kwenye redio, akanaswa pale mtangazaji alipoingia na matangazo ya sabuni. Katika kila maombi kumi, takriban manne hayafiki popote.

Chumba chake kiko mwisho wa ukumbi, ubavuni mwa mitambo ya kompyuta inayopozwa mchana na usiku, ndiyo maana havui sweta hata jua likiwaka vipi nje. Zamani walikuwa watano humo. Wengine walihamishiwa ghorofa ya juu, na meza zao zikageuka mahali pa kuwekea maboksi. Siku nyingine sauti zote anazozisikia kazini ni za watu wanaomlalamikia.

Nyumbani hakuna nafuu. Mumewe alifariki miaka minane iliyopita. Mwanawe yuko ng'ambo, hujibu ujumbe kwa alama ya kidole gumba. Binti yake ameolewa mbali na ana watoto wadogo wa kumtoa jasho. Mama Mkia bado hajaweza kupika chakula cha mtu mmoja. Kiporo huliwa na paka wa jirani, ambaye sasa ananenepa kama mwenye nyumba. Kila asubuhi anapotoka huiacha redio ikiongea.

"Nikifungua mlango nisikie kuna mtu ndani," anasema. "Hata kama anatangaza bei ya mbolea."

Ndiyo maana likizo humtesa. Shule zikifungwa, hakuna pa kupiga simu. "Watoto wanapumzika, anayeadhibiwa ni mimi."

Mtu pekee anayemtania ni mlinzi wa getini, mwanamume wa makamo mwenye kofia iliyomzidi kichwa. Kila asubuhi huwa na swali lilelile.

"Mama Mkia, leo unakata mikia mingapi?"

"Yote. Wako tu ndio nimeuhurumia."

Hucheka wote wawili, geti hufunguliwa, na kila mmoja huendelea na siku yake. Miaka sita imepita hivyo. Mlinzi hutoka kazini saa nane mchana, na Mama Mkia hajawahi kujiuliza huwa anaelekea wapi.

Mwaka huu lilikuja ombi kutoka kituo cha elimu ya watu wazima. Cheti kilikuwepo, jina lilifanana, mwombaji alikuwa mkuu mwenyewe. Alieleza pia kwa nini ana haraka: baraza la mitihani lilikuwa limetangaza kwamba majina ya watahiniwa yatapokelewa tu kutoka kwenye anwani zenye mkia wa elimu. Wanafunzi wake thelathini na mmoja walikuwa wanasubiri.

Mama Mkia akapiga simu saa kumi na nusu jioni, mapumziko ya kituo hicho. Simu ikapokelewa.

"Halo," sauti ikanong'ona.

"Mwalimu, mbona unanong'ona?"

"Wako mapumzikoni, mama."

"Wapi? Mbona siwasikii?"

"Wapo hapa hapa," sauti ikazidi kushuka. "Naomba tusipige kelele."

Alitega sikio. Hakuna mpira, hakuna kilio, hakuna hata kiti kilichosogea. Kilichosikika ni kitu kama msumeno wa mbali, kikapotea. Siku ya pili alipiga tena, mambo yakawa yaleyale. Mtu anayenong'ona shuleni saa ya mapumziko, akajiambia, ana jambo la kuficha. Akalikataa ombi: hakuna dalili ya wanafunzi.

Kwa mujibu wa taratibu, ombi lililokataliwa halirudi mezani mpaka mwezi upite. Dirisha la baraza la kupokea majina lilikuwa linafungwa baada ya wiki mbili.

Asubuhi iliyofuata alifika getini na jibu lake mdomoni. Mlinzi hakuuliza kitu. Alifungua geti, akainamisha kofia, akaangalia pembeni. Mama Mkia alidhani mwenzake ana mgonjwa nyumbani.

Mchana wa siku hiyo mkuu wa kituo akaja mwenyewe, mwalimu mwembamba mwenye chaki kwenye mkono wa shati.

"Mama, umesema sina wanafunzi."

"Nimesema sikuwasikia."

"Ulitaka wakufanyie nini, waruke kamba? Yule anaoka mikate tangu alfajiri. Yule anafua nguo za watu. Yule anabeba saruji. Wakipata mapumziko, wanalala!"

"Wote?"

"Wote! Mimi nabaki nanong'ona kama mwizi nyumbani kwangu."

Jioni hiyo Mama Mkia aliomba ruhusa, akaenda kujionea, jambo ambalo masharti hayamlazimishi kulifanya. Kituo kiko juu ya duka la vipuri, ngazi zake zinanukia mafuta ya mashine. Alipochungulia mlangoni alikuta watu wazima wamelaza vichwa juu ya madaftari, safu kwa safu, kimya kama chumba cha watoto wachanga. Ule msumeno aliousikia kwenye simu ulitoka safu ya nyuma, chini ya kofia kubwa.

Aliijua ile kofia.

"Nilitaka kurudi ngazini," anasema. "Miaka sita mtu ananifungulia geti, na mimi sijui hata jioni zake anazimalizia wapi."

Mlinzi aliamka, akamwona, akavua kofia.

"Kwa nini hukuniambia?" Mama Mkia alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Nikuambie nini, mama? Useme natafuta upendeleo?" Akajifuta uso. "Asubuhi mimi nakufungulia geti, mchana wewe unanifungia. Nikaona bora ninyamaze, maana utani ulikuwa umeniishia."

Kesho yake Mama Mkia alipanda ghorofa ya juu, kwa mkuu wa kitengo, kijana anayelingana na mwanawe. Uamuzi unaweza kufutwa kabla ya mwezi kwa njia moja tu: ofisa aliyeutoa akiri kwamba alikosea, na kosa libaki kwenye faili lake. Yeye anastaafu mwisho wa mwaka, na faili lake halikuwa na doa.

"Mama, karatasi zao zitasubiri tu mwezi upite," kijana alimshauri. "Mwakani watafanya mtihani. Ya nini kujichafua sasa?"

"Huyo wa mikate amesubiri tangu ana miaka kumi na miwili," alijibu. "Andika kwamba nilikosea. Nilitafuta watoto kwenye shule ya watu wazima."

Mkia ukatolewa. Majina thelathini na moja yakafika barazani dirisha likiwa bado wazi, na mtihani utafanyika mwezi ujao. Mlinzi anasema hesabu ndizo zinazomtoa kijasho, lakini utani umemrudia. "Sasa na mimi nina mkia," humwambia getini. "Ukate tuone!"

Kituo hakina kengele. Mwalimu, ambaye hawezi kuamsha watu thelathini na mmoja kwa kunong'ona, alimwomba Mama Mkia fadhila moja, naye hakungoja kuombwa mara mbili.

Saa kumi na dakika hamsini jioni. Maboksi yako mahali pake, mitambo inavuma ng'ambo ya ukuta. Mama Mkia anabonyeza namba, anafumba macho. Simu inalia juu ya meza ya mwalimu, kwa sauti ya juu kabisa, iliyowekwa hivyo makusudi. Inapokelewa. Kwanza ni msumeno. Kisha viti, kikohozi, mtu analalamika kwamba mguu umekufa ganzi, na vicheko.

"Tumeamka, mama!" wanapiga kelele pamoja.

"Wa nyuma je?"

"Huyo bado!"

Akistaafu, anasema, atahamia juu ya duka la vipuri. Mwalimu ameahidi kumpa kiti na somo la kompyuta la kufundisha, mshahara hakuna, na kengele ataendelea kuwa yeye. Kwa sasa anabaki na simu sikioni hadi mlango wa darasa unapofungwa na simu kukatwa. Halafu anachukua mkoba wake na kurudi nyumbani, ambako redio bado inaongea.

"Mwakani nitaizima," anasema. "Nitakuwa nachelewa kurudi."