Kitambaa Kwenye Mshono

Mama mkwe wangu alianza biashara hii kwa chumvi na samaki wakavu, na aliilinda kwa mikono. Nasema mikono kwa maana ya makofi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, na aliyemwibia alijuta. Siku moja, mie bado bi harusi mpya nyumbani kwake, nilimwona akimpiga mwanawe, yaani mume wangu, mtu mzima mwenye ndevu, kwa pishi ya bati mpaka bati likabonyea. Kosa lake lilikuwa kuchota mchele kidogo kwenye gunia la mteja na kuutia kwenye chungu chetu.

"Watu wapelekewe mchele pungufu, halafu waseme ni mimi?" akamwuliza, akampiga tena.

Pishi ile haikupima mchele tena. Tuliifanya ya kuchotea maji, na kila nilipoishika nilikumbuka niliolewa wapi.

Ghala letu liko Mocímboa da Praia, huku Msumbiji, karibu na bandari. Mali zilitoka Mtwara zikivuka Ruvuma, nyingine zilipanda kutoka mji wa Pemba, kusini kwetu. Hatukuuza kwa kikombe wala kwa kopo. Tuliuza gunia, dumu na katoni. Waliochukua kwetu ni wachuuzi, wengi wao wanawake, nao walipeleka Palma, walipeleka Nhica, walipeleka vijiji visivyo na barabara, wakapimia watu vikombe mbele ya nyumba zao. Kila gunia lililoingia tulilifungua, tukapepeta, tukapima upya, kisha tukalishona upya kwa uzi wa nyavu wa buluu. Mshono wetu ulijulikana. Mchuuzi akiona uzi wa buluu hakufungua gunia kuhakikisha.

Mama mkwe alinifundisha mshono ule kwa maumivu. Alinikalisha mbele ya gunia na shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na nilipokosea alininyang'anya akanichoma kidole kilichokosea. Hakuwa na hasira alipofanya hivyo. Alifanya kama mtu anayetia chumvi chunguni.

Vitambaa vilikuja baadaye. Zamani zile magunia yote yalipakiwa pamoja kwenye lori na yalifanana. Wachuuzi wawili waligombania gunia moja pale mlangoni petu, kila mmoja akidai kwamba lake ndilo zito na mwenzake kachukua lisilo lake. Mmoja alikuwa na panga la kufulia madafu. Mwenzake akapoteza sikio. Niliona kuku akiliendea mchangani, na mama mkwe akamfukuza kwa mguu, akalifunika kwa kawa kama chakula. Ndugu za yule aliyekatwa walirudi jioni na magongo, wakavunja mlango, wakamvunja na mpakizi wetu taya.

Kulipokucha mama mkwe akatoa amri. Kila mchuuzi alete kipande cha kapulana lake, kile kitenge cha kujifunga kiunoni, tukitundike msumarini ukutani. Gunia lake likishonwa, unachana utepe kwenye kipande chake, unaupitisha kwenye mshono wa mwisho, unapiga fundo. Hakuna haja ya kusoma. Hata asiyejua alifu anaijua nguo yake. Tangu siku hiyo hakuna aliyepigana mlangoni petu kwa sababu ya gunia. Mama mkwe alikufa, nikashika shazia mimi, na misumari ikaongezeka ukutani.

Katika wachuuzi wangu alikuwepo mama mmoja wa Nhica. Nitamwita hivyo hivyo. Mwanamke mpana, mwenye watoto wadogo, anacheka kabla hajafika. Kapulana lake lilikuwa la manjano lenye michoro ya vitana vyeusi, hakuna mwingine aliyekuwa nalo.

"Mama," alikuwa akiniambia, "mshono wako umebana kama mdomo wako."

"Wako ungeshonwa hivi, mumeo angepumzika."

"Mume yupi? Yule nilimwacha. Kelele zake zilizidi zangu."

Sikuwa nacheka na wateja. Lakini gunia lake nililishona vizuri.

Halafu watu wa porini, wale waasi, wakaingia mjini. Bunduki zilianza alfajiri. Mimi na mwanangu, kijana mkubwa tayari, tulikimbilia mikokoni pamoja na majirani, tukakaa kwenye tope mpaka kifuani. Mume wangu alisema anafunga ghala kwanza, anakuja. Hakuja. Jirani aliyekuwa amelala juu ya dari yake alimwona. Walimwambia afungue, akasema ufunguo anao mkewe. Wakamkata pale mlangoni. Kisha wakavunja kufuli, na kufuli lilikuwa bovu miaka yote, ukilitikisa linafunguka. Jambo hilo linaniudhi mpaka leo. Wakabeba magunia wakipita juu yake.

Tulikimbia mbali, tukaishi kwenye turubai, tukarudi askari walipouchukua mji. Mabati ya ghala yalikuwa yametoweka. Sakafuni palikuwa na doa, nikalisugua kwa mchanga na majivu, nikalisugua tena, likapungua halikuisha. Ukuta haukuibiwa. Misumari ilikuwepo, na baadhi ya vitambaa vilikuwepo, vimeliwa na mende. Mwanangu akatafuta lori la kufuatana na msafara wa askari kutoka kusini. Tukaezeka. Wachuuzi waliokuwa hai wakarudi mmoja mmoja na vipande vipya. Mama wa Nhica naye akarudi, amekonda, kapulana ni lile lile.

"Wewe hujafa?" nikamwuliza.

"Nilikuwa nangoja nife nimeshiba, mama. Shona."

Nikashona.

Haukupita muda mrefu. Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya nyumba naanika mahindi, nikasikia kitako cha bunduki kinapiga mfupa. Sauti hiyo ukiisikia mara moja huichanganyi na nyingine. Nilipotokea mbele mwanangu alikuwa amepiga magoti, damu inamtoka puani, na askari wamemzunguka. Katikati yao palikuwa na gunia tupu limetupwa chini. Walilikuta kwenye kambi ya watu wa porini. Uzi ulikuwa wa buluu. Kwenye mshono ulining'inia utepe wa manjano wenye vitana vyeusi.

"Ulimwuzia nani?" walimwuliza. Mmoja wao alikuwa kijana wa pwani hii, ndiye aliyekuwa akigeuza Kireno chao kwa lugha yetu.

"Mie nashughulika na lori," mwanangu akasema. "Nani anapeleka wapi sijui."

Wakampiga tena, wakamtupa kwenye gari, wakaondoka naye kwenda kambi ya askari.

Alijua utepe ule ni wa nani. Na mie nilijua. Neno moja tu lingemrudisha, na neno hilo lingemtoa mama wa Nhica nyumbani kwake mbele ya watoto wake, na waliotolewa majumbani namna ile sijaona aliyerudi. Mie si mtu wa kujisifia huruma. Nilikaa juu ya gunia nikafikiria kumtaja. Nilimfikiria mwanangu, mmoja niliyebaki naye, nikaona kumtaja ni rahisi. Nilisimama kabisa niende nikaseme.

Nilipoinuka macho yakaangukia msumari. Kipande chake kilikuwa kimetundikwa pale, kipana, kimepungua pembeni tu. Nikakumbuka alivyokileta: alikirarua kwa meno mbele yangu, akabaki na kapulana fupi, magoti nje, akasema nikimwibia mchele nimlipe na haya zake. Mtu amenipa nguo ya mwilini mwake ili mali yake isipotee. Nikaitoa msumarini nikajifunga kilemba. Nikachukua shazia, nikaenda kambini kwa miguu.

Mwanangu alikuwa amefungwa kwenye nguzo juani. Mkono wake wa kulia walikuwa wameukanyagia jiweni, vidole vimeelekea kila upande. Aliponiona akafumba macho.

Komandante, mkuu wa kambi, alikuwa kijana kuliko mwanangu. Akasema, na yule kijana wa pwani akageuza: "Mwanao anasema wewe ndiye unayeshona."

"Ni kweli."

"Kitambaa hiki ni cha nani?"

"Changu. Kingine hiki hapa kichwani. Kila gunia langu lina kitambaa changu."

Akakitazama kilemba, akautazama utepe. "Gunia limefikaje porini?"

"Mwambie walipoingia mjini wakaniulia mume mlangoni kwangu, wakabeba magunia yote, yeye alikuwa wapi? Awaulize waliobeba. Mie sikubeba."

Kijana akanong'ona, "Bibi, hilo siwezi kumwambia."

"Mwambie."

Akasema kitu kifupi kuliko nilivyosema mimi. Hata hivyo kilitosha. Komandante alinipiga kwa mkanda wenye kishikizo cha chuma, usoni, nikasikia meno yakikatika kama unavyosikia mtu anakanyaga makombe ya pwani. Sikuanguka. Akapiga tena, nikaanguka. Mwanangu alipiga kelele, nao wakamnyamazisha kwa buti tumboni. Kisha akaagiza gunia na uzi viletwe, nishone mbele yake.

Nikakaa chini nikashona. Damu ilidondokea kwenye gunia, nikawa naifuta kwa kisigino cha mkono ili nione tundu. Sikukosea. Miaka yote ile ya kuchomwa vidole nadhani ilikuwa ya siku hiyo. Nilipofika mwisho nikavua kilemba, nikachana utepe kwa meno niliyobakiwa nayo, nikapitisha, nikapiga fundo. Komandante akaweka mishono miwili sambamba, akaitazama muda mrefu. Akatema mate. Akasema neno kwa askari wake, wakamkata kamba mwanangu, naye akaanguka kifudifudi. Hawakuniambia samahani wala nenda. Nilimwinua nikampa bega.

Nyumbani nilipomnywesha uji ndipo aliposema.

"Niliwaambia unashona wewe."

"Ulisema kweli."

"Nilitaka waache vidole."

"Kunywa uji."

Akanywa kidogo. "Yule mwanamke si ndugu yetu, mama. Mie mwanao. Ungemtaja tu."

"Wewe uko hapa, unakunywa uji," nikamwambia. "Yeye angekunywa nini?"

Akageukia ukutani. Vidole vyake havikunyooka tena; shazia haishiki, hata tonge analipeleka mdomoni kwa mkono wa kushoto, na mtu wa kwetu anajua aibu ya jambo hilo mbele ya wageni. Anafanya kazi. Lakini kuna siku ananitazama kama mtu aliyelipishwa bei ya mwingine, na ndivyo ilivyo.

Mama wa Nhica alikuja siku yake ya kawaida, anacheka tangu barabarani. Aliona kitambaa kichwani kwangu.

"Haa, mama. Tumekuwa mapacha?"

Nikageuka, akauona mdomo wangu. Nilimvuta ndani kwa mkono, nikamwambia avue lile kapulana upesi. Nilimpa langu la kijani ajifunge. Kisha nikamwuliza swali moja: "Uliwauzia au walikunyang'anya?"

Akakaa chini kwenye sakafu, karibu na lile doa. Akasema walimsimamisha njiani. Aliyekuwa akimsukumia baiskeli walimchinja, wakamwambia yeye abebe gunia. Akabeba mpaka kambini kwao, akalitua, wakamwambia rudi ukalete jingine. Ndiyo sababu walimwacha hai.

"Na jingine ulipeleka?"

Aliniangalia. "Nina watoto, mama."

Nikampiga kofi, kwa mkono mzima, kofi la mama mkwe wangu. Hakuinua mkono kujikinga. Kisha nikamsaidia kusimama, maana sakafu ile ni baridi.

Siku ile ile nikavitoa vitambaa vyote msumarini, vya wote, walio hai na waliokufa, nikavitia motoni pamoja na kapulana la vitana. Vilitoa moshi mzito. Mwanangu alisimama mlangoni akitazama.

"Sasa watajuaje magunia yao?" akauliza.

"Hawatajua."

Na hawajui. Uzi ni wa buluu bado na kipimo ni kamili, lakini magunia yanatoka uchi. Siku ya kupakia mlango wangu umerudi kuwa kama zamani: wanavutana, wanatukanana mama zao, wiki iliyopita mmoja amemng'ata mwenzake bega mpaka nyama ikatoka. Nawatenganisha kwa gongo. Wazee wa mtaa wamekuja kunisema kwamba biashara ya marehemu mama mkwe nimeiharibu, kwa nini nisirudishe vitambaa. Nimewaambia vimekwisha.

Mama wa Nhica anakuja bado. Hacheki tena kutoka mbali. Safari iliyopita alisimama mbele ya magunia yaliyopangwa, amejifunga lile la kijani langu.

"Langu lipi, mama?"

"Lolote," nikamwambia. "Yote ni sawa. Chukua kabla hawajaja wenzio."

Aliinama, akapitisha kidole kwenye mshono wa la kwanza, pale fundo linapokaa, akiutafuta utepe kwa mazoea. Kisha akajitwisha gunia akaondoka, nami nikavuta jingine nikaendelea kushona.