Sinema Nyuma ya Shuka

Wajukuu wangu wakikaa mbele ya televisheni Jumamosi asubuhi, kuna vikatuni vinawafundisha kuhesabu na kupiga mswaki. Mimi ya kwangu ilikuja na gari. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, katika shamba la kahawa upande wa Ruiru, ambako wazazi wangu walikuwa wakichuma. Gari la sinema lilikuja mara moja moja, likasimama pale pa kupimia kahawa, na shuka kubwa nyeupe ikafungwa kati ya miti miwili.

Wote waliokuwa pale nawakumbuka kwa majina. Siyaandiki tu, maana wengine wana watoto wao hapa Gitothua.

Wavulana walikuwa wanawahi. Sisi wasichana mpaka maji yafike nyumbani na chungu kikae motoni, kwa hivyo tulikuta mbele kumejaa, tukaketi nyuma ya shuka. Picha ilipenya vizuri, hata tukajiona tumepata pahali pazuri. Walionyesha watoto wawili, mmoja mchafu, mwingine msafi. Mchafu alishikwa na tumbo, akakimbia huku ameshika suruali, tukacheka hadi machozi. Msafi alinawa, akala kwa adabu, akapewa mpira.

Kesho yake mdogo wangu akanawa bila kuambiwa, akaketi wima kama yule msafi, akaanza kula irio kwa mkono wa kushoto.

"Huo mkono umeutoa wapi?" mama akamuuliza.

"Kwa sinema, maitu. Yule msafi anakula hivi."

Mama akanigeukia. Nikasema ni kweli, nimeona na macho yangu.

"Basi sinema imeisha," akasema. "Tabia mbaya mnayo ya kutosha, haina haja kuletewa na gari."

Gari liliporudi tulilia sana, mpaka akakubali kuja aone mwenyewe. Akikuta ni hivyo, hatutaenda tena. Chungu kilichelewa, tukaketi nyuma kama kawaida. Ikawa picha ile ile. Msafi akaanza kula, na ni kwa kushoto. Mama akatushika mikono, tukaondoka, mdogo wangu akilia kwa sauti.

Njia ya nyumbani ilipitia mbele ya shuka. Hapo mama akasimama. Msafi alikuwa anakula kwa mkono wa kulia. Mama akarudi nyuma, akachungulia, akaja mbele tena. Kumbe shuka ndiyo ilikuwa inageuza mkono.

"Mama, unatuzibia," nyapara wa shamba akamwambia kutoka kwenye benchi lake. "Nyuma kuna nafasi."

"Nafasi ya kufundishwa kushoto? Nenda ukae wewe."

Watu wakamcheka nyapara. Wavulana wakasukumana, mama akatandika leso katikati yao, tukaketi. Mdogo wangu aliangalia mikono yake yote miwili, halafu ule wa kushoto akaukalia mpaka picha ikaisha.