Redio Mbili za Bi Simu

Jina la Bi Simu alipewa na wauguzi, nalo likamganda hata wengi hawakujua kama ana jingine. Kwa miaka ishirini na tisa alikaa kwenye swichibodi ya hospitali kuu, katika chumba kisicho na dirisha chini ya ngazi, akipokea simu na kuziunganisha: wodi ya wazazi, maabara, chumba cha maiti. Alimjua mtu kwa pumzi kabla hajasema haloo. Alimtambua mume aliyekwisha kuambiwa, na yule ambaye bado, na yule aliyepiga tu kwa sababu nyumbani kwake hapakuwa na mtu wa kuongea naye. Sauti yake ilijulikana mji mzima. Lakini alipopita kwenye korido hakuna aliyegeuka.

Kisha ikaletwa mashine inayosema bonyeza moja, bonyeza mbili. Wakamuaga kwa keki na saa ya ukutani, akarudi nyumbani moja kwa moja.

Nyumbani alikuwa akiishi na dada yake mkubwa, mjane, katika nyumba ya vyumba viwili waliyoachiwa na mama yao. Dada alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mtu mzima aliyefanya kazi mji wa mbali. Bi Simu hakuolewa. Walikuwa wameishi pamoja muda mrefu kiasi kwamba maneno yao yaliyobaki yalikuwa ya kazi tu: gesi imeisha, mlango umefunga, umemeza dawa.

Daktari alipomwambia Dada kuwa ana sukari na kwamba atembee, wakaanza kwenda kwenye vilima vya msitu nyuma ya mji kila Jumamosi. Walikata tiketi langoni, wakapanda mpaka juu, wakashuka. Dada ndiye aliyetangulia, na mdogo mtu akimfuata kisigino kwa kisigino. Ikawa hivyo miaka mitatu, mpaka goti la Dada likagoma. Tangu hapo akawa anakaa kwenye benchi la langoni na chupa ya chai, na Bi Simu anapanda peke yake.

Jumamosi moja ukungu ulishuka ghafla. Bi Simu alifika njia panda, akashika njia isiyo yake, akajikuta mgongoni mwa kilima, upande ambao simu haina mtandao. Akakaa juu ya gogo tangu saa nne mpaka saa nane, akiita. Mtu aliyeitikia watu wote wa mji ule aliita mpaka sauti ikamkauka, na hakuna aliyemwitikia. Ukungu ulipoinuka aliiona njia hatua chache tu kutoka alipokaa. Alipofika chini, Dada alikuwa bado kwenye benchi. Alimmiminia chai, nusu yake ikaishia mchangani.

Jioni ile mtoto wa Dada alipiga simu. "Mama mdogo, milima imetosha sasa," alisema. Bi Simu akamjibu sawa, mwanangu. Jumatatu asubuhi akaenda kutafuta redio za mkononi.

Duka lilikuwa nyuma ya stendi, limejaa mahema, kamba na viatu vizito. Muuzaji, mtu wa makamo mwenye miwani iliyokaa zaidi kwenye paji la uso kuliko machoni, alimwekea mezani jozi tatu. Za kwanza zilikuwa ndogo, za njano, na kwenye boksi palikuwa na maandishi makubwa kwamba zinafika kilomita kumi.

"Kilomita kumi za wapi?" Bi Simu akauliza.

Muuzaji akacheka, akakiri kuwa hizo ni za uwanja mtupu, pasipo hata mti. Msituni ahesabu mbili, na kilima kikiingia katikati asihesabu kitu. Jozi ya tatu ilikuwa nyeusi na nzito, kama zile za walinzi wa benki. Hizo zilifika mbali kweli, lakini zilihitaji kibali cha serikali, tena zilikuwa na vitufe vingi mno. Bi Simu alisema dada yake akikosea kidole ataongea na polisi.

Kisha akaomba kitu ambacho muuzaji hakuwahi kuombwa. Alitaka muuzaji azunguke nyuma ya jengo, asimame kwenye tangi la maji, asome chochote kwa sauti, na yeye aende mwisho wa mtaa kusikiliza. Muuzaji alichukua maelezo ya kusimamisha hema, akaenda kusoma. Bi Simu alisimama mbele ya duka la fundi cherehani, sikio moja ameliziba kwa kidole na macho ameyafumba, kama alivyokuwa akifanya chini ya ngazi. Zile za njano zilimleta muuzaji kama mtu aliyeingiza kichwa ndani ya ndoo. Zile za kijani, za bei ya kati, zilimleta kama alivyo, na hata kikohozi chake kilisikika vizuri. Lakini zilimeza mwanzo wa kila sentensi. "Simamisha nguzo" ilifika "mamisha nguzo."

Aliporudi alimweleza kuwa redio si mbovu, ila inachelewa kuamka. Mtu abonyeze kitufe, ahesabu moja, ndipo aongee. Muuzaji alisema ameziuza miaka minne na hajaligundua hilo. Bi Simu akaangalia mambo mawili zaidi. Kitufe cha kuongelea kilikuwa kikubwa, maana vidole vya Dada huvimba asubuhi. Na betri zilikuwa za kawaida, za kununua duka lolote, si zile zilizofungiwa ndani ambazo zikifa njiani zimekufa. Akachukua zile za kijani.

Dada alifundishwa jikoni, mwalimu wake akiwa chumbani.

"Ukimaliza, achia kidole," Bi Simu alimwambia. "Ukiwa umebonyeza, mimi siwezi kukujibu hata nikipiga kelele."

"Yaani huwezi kunikatiza?"

"Siwezi."

Dada aliigeuza redio mkononi, akaitazama kwa muda.

Jumamosi zilizofuata zilikuwa za ajabu. Kule kwenye benchi Dada akawa mtu mwingine. Alimsimulia mdogo wake kila aliyepita langoni: mwanamume anayemfundisha mkewe kupumua, baba aliyebeba begi la familia nzima huku familia ikibeba miwani. Alicheka, na kicheko chake kiliingia sikioni mwa Bi Simu karibu kuliko kilivyowahi kuwa mezani. Naye Bi Simu alimweleza rangi ya bonde na hali ya upepo. Kisha alishuka, wakapanda basi, wakafika nyumbani, na redio zikawekwa kabatini ubavu kwa ubavu. Gesi imeisha. Umemeza dawa.

Jumamosi ya tisa au ya kumi, Bi Simu alikuwa amekaa kwenye jiwe bapa karibu na kilele, mahali ambapo paa la lango linaonekana na sauti inafika safi. Redio ikakwaruza.

"Mdogo wangu, nina jambo. Nitabonyeza na sitaachia mpaka nimalize."

Wakati Bi Simu ana miaka thelathini na mbili, kulikuwa na dereva wa gari la wagonjwa aliyekuwa akipiga swichibodi kutoka kwenye zahanati za nje ya mji kuarifu kwamba amefika. Baada ya kuarifu alikuwa akisema, "Haya Bi Simu, nipe neno zuri la kurudi nalo." Naye alimpa. Mara nyingi lilikuwa habari ya hali ya hewa tu, lakini alilifikiria tangu asubuhi. Hawakuwahi kuonana. Ikaendelea hivyo miaka miwili. Siku moja dereva akauliza nyumbani kwao ni wapi, akaelekezwa. Baada ya hapo hakuomba neno tena. Alisema tu, niunganishe na mapokezi, na miezi mitatu baadaye akahamishwa. Bi Simu aliamini kuwa yule mwanamume alikuja kumwona kwa mbali, akauona uso wake, akafa moyo. Aliliamini hilo bila kumwambia mtu, akajifungia kwenye kile chumba chini ya ngazi, na maisha yakapita.

Sasa Dada alikuwa akimwambia kwamba dereva alifika mpaka mlangoni. Bi Simu alikuwa zamu. Mwaka ule Dada alikuwa amefiwa na mume, mtoto mdogo, mama yao hawezi kugeuka kitandani bila kugeuzwa. Mgeni alivua kofia, akasema amekuja kujitambulisha kabla ya kuleta wazee.

"Nikamwambia umeshaposwa," Dada alisema, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo, kama mtu anayesoma. "Nikamwambia umeniomba nimwambie asikupigie tena. Akasema samahani, akavaa kofia. Niliogopa, mdogo wangu. Niliogopa kubaki na mama peke yangu. Mama alipofariki nikataka kukwambia, nikaogopa utaondoka. Basi. Nimemaliza."

Kidole kikaachia, na redio ikabaki ikivuma.

Bi Simu alikuwa na kidole juu ya kitufe. Katika kazi yake hakuwahi kumwacha mpigaji bila jibu, hata mlevi, hata mwenye matusi. Alitazama chini kule langoni, akaona nukta ya rangi ya buluu ambayo ilikuwa gauni la Dada. Redio ikasema, "Umenipata?" Ikasema tena. Akazungusha swichi mpaka ikalia tik, ikazima.

Alikaa pale mpaka jua likahama upande wa pili wa jiwe. Alipofika chini, Dada alikuwa amesimama, redio ameishika kwa mikono miwili.

"Ulinipata?"

"Betri zilikata pale kwenye miti," Bi Simu alisema. "Ulikuwa unasemaje?"

Dada akaitia redio mkobani. "Nilikuwa nasema mvua inakuja."

Mbingu ilikuwa nyeupe pe, bila hata wingu moja. Wakaenda kupanda basi.

Ukapita mwaka. Dada hakupata nguvu ya kulisema mara ya pili, na Bi Simu hakumpa nafasi. Kuna siku alisugua sufuria mpaka mpini ukang'oka. Kuna siku alisimama mbele ya kioo, akautazama uso wake kama uso wa mtu aliyesingiziwa, na hapo ndipo alipolia, kwa sababu haukuwa na kosa lolote. Aliwaza kumtafuta yule dereva. Kumtafuta mtu kwa simu ilikuwa kazi yake, na mchana mmoja, Dada amelala, alipiga simu hospitali alikohamishiwa dereva. Ilipokea mashine. Aliisikiliza mpaka ikamaliza orodha yake yote, akakata, na hakupiga tena.

Sukari ilimpanda Dada machoni. Alianza kupapasa kuta. Mtoto wake akaja, akakaa nao siku mbili, akasema mama atahamia kwake, kuna kliniki jirani na mkewe yuko nyumbani mchana kutwa. Mama mdogo naye aje, alisema, ingawa wote watatu walijua kuwa chumba cha ziada ni kimoja. Bi Simu akamshukuru, akasema mtu lazima aangalie nyumba.

Siku ya mwisho walikunja nguo pamoja kitandani, Dada akitambua kila nguo kwa kuishika. Katikati ya shuka, kila mmoja ameshika pembe zake mbili, Dada akasema, "Zile betri zilikuwa mpya. Nilizitia mwenyewe asubuhi ile."

Bi Simu alikunja upande wake. "Ndiyo. Zilikuwa mpya."

"Basi ulisikia."

"Nilisikia mpaka mwisho."

Dada akateremsha pembe zake. "Kama una neno la kuniambia, niambie sasa. Sitakukatiza."

Bi Simu alilitafuta. Alikuwa nalo, tena refu, alilolipanga mwaka mzima kwenye sinki na kwenye kilima. Lakini mbele yake alikuwa amesimama mwanamke mwenye macho ya ukungu, ameinua uso upande usio sahihi kidogo, anasubiri. Lile neno lote likakosa pa kuanzia.

"Dawa za macho umeziweka kwenye mkoba?" akauliza.

"Nimeziweka."

Wakamaliza shuka, wakachukua nyingine. Asubuhi gari lilikuja saa moja. Dada alipokwisha kukaa, alinyoosha mkono dirishani, na Bi Simu akaushika mpaka gari lilipoanza kutembea, akaenda nalo hatua tatu nne, akaachia.

Sasa wanaongea kwenye simu kila Jumapili, televisheni ya mkwe ikinguruma upande wa Dada. Dada husema macho hayajambo, Bi Simu husema nyumba haijambo. Lile jambo halitajwi.

Jumamosi bado anapanda. Redio ya pili humwachia karani wa tiketi langoni, mwanamke mnene mpole aliyekubali kuiweka mezani karibu na mhuri, ingawa alionya kuwa yeye si mtu wa maneno. Walikubaliana kwamba Bi Simu akifika juu aarifu, na akianza kushuka aarifu tena, basi. Jumamosi iliyopita alifika kileleni saa tano kasoro. Bonde lilikuwa la kijani mpaka macho yanachoka, na kulikuwa na ndege ambaye hajawahi kumwona. Akabonyeza, akahesabu moja, akasema amefika, na kwamba huku juu kumetulia sana leo.

Karani alijibu kuwa kuna foleni ya watu wa basi, amwite baadaye kidogo.

Bi Simu akasema sawa. Akaiweka redio juu ya jiwe, sauti ameifungua yote, akasubiri baadaye ifike.