Mstari wa Tatu wa Doto

Pacha wangu Doto hulala mchana, na analipwa. Msinikodolee macho, ndiyo kazi yenyewe. Mimi nashinda juani nauza viatu vya mtumba. Yeye anabonyeza kitufe, kompyuta inaanza kuijaribu programu yenyewe, jaribio baada ya jaribio, naye anajilaza mkekani uani kwa Bibi Semeni, mama mwenye nyumba wetu, mpaka imalize. Joto la Oktoba hapa Tabora mnalijua. Upepo haupo, kuku wamenyong'onyea kivulini, honi ya treni inasikika kwa mbali huko stesheni, na mtu unaelea tu. Akiamka anaandika taarifa: yaliyopita ni haya, yaliyofeli ni haya. Anamtumia bosi wake, Qais, basi.

Tangu utoto Doto ni mtu wa kuelea. Kwetu Lusu tukitumwa kuni, mimi narudi na mzigo, yeye anarudi na habari za mawingu. Baba akiulizwa hali ya watoto anajibu, "Kulwa hajambo," eti mimi nimetosha kwa wote wawili. Shuleni mwalimu alikuwa akituita "Kulwa na mwenzake." Mimi nilikuwa nawaka, yeye anacheka. Lakini ndiye aliyesoma, na tuseme ukweli, ndiye anayemlisha mama. Viatu vyangu vinalipa kodi ya chumba tu.

Mwaka huu walikuwa wanatengeneza programu ya chanjo. Nesi anamsajili mtoto kwa namba ya simu ya mama na tarehe ya kuzaliwa, na siku ya chanjo ikifika mama anapata ujumbe. Zahanati zikiikubali, Qais anaongeza mkataba wa Doto. Zikiikataa, mkataba umekwisha, sote tunarudi Lusu kulima. Qais alimwambia hivyohivyo, bila kuzunguka.

Mchana mmoja Doto akaamka mkekani, macho bado yako mbali.

"Kulwa, nimeota msafara."

"Msafara gani, wa harusi?"

"Wa zamani. Wapagazi wanaingia kutoka Tura, vumbi mpaka magotini, polepole, kama watu wanaotembea ndani ya maji. Mkuu wao anaita majina. Waliofika anawataja. Waliokufa anawataja. Lakini kuna waliokaa chini njiani wapumzike kidogo, na hao hakuna aliyewaulizia. Nimewaona, Kulwa. Wamekaa kwenye nyasi, mizigo mapajani, wanasubiri kuitwa."

"Kunywa maji," nikamwambia. "Jua limekupiga."

Hakunywa. Alikwenda kwenye kompyuta akaanza kupekua. Taarifa ilikuwa kijani tupu, hakuna kilichofeli. Lakini kulikuwa na majaribio ambayo kompyuta haikuyagusa kabisa, na taarifa ilikaa kimya. Aliyeandika programu, kijana mmoja Muntasir, aliiambia iyaruke. Mojawapo lilikuwa jaribio la mapacha.

Muntasir si mtu mbaya. Mtandao vijijini unasuasua, nesi anabonyeza mara mbili, mtoto mmoja anaingia mara mbili. Kwa hiyo akaifundisha programu ikatae mtoto wa pili wa mama yuleyule mwenye tarehe ileile. Jaribio la mapacha likamgomea, akaliruka, akasema atalirudia, akasahau. Na huku Unyamwezini, jamani, nani asiye na mapacha kwao, Kulwa wa kwanza na Doto wa pili?

Doto akaongeza mstari wa tatu kwenye taarifa: yaliyorukwa. Qais alipoiona rasimu akamwita ofisini, ghorofani juu ya duka la vitambaa la ukoo wao. Nikamfuata. Namjua dada yangu, angeelea huko nikamkosa.

"Futa huo mstari," Qais akasema. "Wallahi Doto, unataka tuonekane hatujamaliza?"

"Hatujamaliza."

"Wakikataa, huna mkataba. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

Sauti yake ilikuwa ileile laini ya mkekani, na hiyo ndiyo iliyonitia hasira. Nikaingilia, ingawa sikualikwa. "Bosi, hebu tusajili sisi. Mama mmoja, siku moja. Jaribu uone."

Qais akaguna, akaandika. Kulwa Mahona, akaingia. Doto Mahona. Kioo cha kompyuta kikajibu kwamba mtoto huyu ameshasajiliwa, na chini yake kikaonyesha jina langu.

Damu ikanipanda. "Ameshasajiliwa wapi? Si huyu hapa! Ana mwili wake, ana njaa yake! Nikichanjwa mimi, yeye ndiyo amepona surua?"

Qais akakitazama kioo, akamtazama Doto, kama ndiyo kwanza anamwona. Akaondoa mkono kwenye kibodi. Doto akanyoosha mkono akaituma taarifa kwa zahanati, mstari wake wa tatu umo.  Akilini nilimwona mama na mgongo wake ule mbovu, ameshika jembe.

Hatujashuka ngazi, simu ya Qais ikaita. Ilikuwa ya Sista Levina, nesi anayesimamia zahanati zile. Akaiweka sauti ya nje.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Naona hapa jaribio la mapacha limerukwa. Programu zote nilizowahi kuletewa, taarifa zake zilikuwa safi, hazina doa, na zote zimenitoa machozi huku kliniki. Nani ameandika mstari huu?"

Qais akamsogezea Doto simu.

"Ni mimi, sista."

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Doto."

 Feni ya ofisi ilikuwa inazunguka polepole juu yetu, nasi watatu tunaitazama simu.

"Basi limalizeni vizuri hilo jaribio," Sista Levina akasema. "Tutawangoja."