Gesi ya Jikoni na Uzio wa Mama Salome

Jamani, leo nusura niteketeze uzio wa jirani nisiyemsalimia!

Nyasi zimeota katikati ya vitofali vya njia ya bustani yangu, hapa Magomeni, Kilosa. Nikaamua kuzichoma kwa gesi.

Mume wangu akasema, "Tumia kile kikopo kidogo cha gesi, moto wake mpole."

Mimi huyo nikabeba mtungi wa jikoni, nikaufunga bomba la kuchomea. Nilitaka moto wa kumaliza kazi.

Nyasi zikanyauka vizuri kweli. Mara upepo ukageuka, moto ukadaka uzio wa matete wa Mama Salome.

Huyu mama ni mkubwa kwangu, lakini tangu mbuzi wake walipokula mchicha wangu, shikamoo yangu haipati.

Nimeganda, bomba linawaka mkononi. Akatokea na ndoo, akaumwagia uzio maji, na mimi nikalowa.

Neno lililonitoka?

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Funga gesi kwanza, mwanangu!"

Uzio umeungua kipande tu. Ila mimi tangu hapo situlii. Nataka niende kumwomba radhi, nafika mlangoni kwake, narudi.

Nyie mngeanzaje?